Utando nyuma ya lenzi ya bandia: wenye uzoefu wa leza tupeane

FundiMiwani: Wakuu, leo tena kaja mzee kuulizia miwani mipya. Alitolewa mtoto wa jicho miaka miwili nyuma, sasa taa za bodaboda usiku zinamtawanyikia. Hapo miwani itasaidia nini? Mnaopiga leza, wagonjwa wenu wanakujaje?

NesiMacho: Wanakuja wanalia "mtoto wa jicho karudi". Harudi! Lenzi yake ilishatolewa, kilichobaki ni kifuko chake, ndicho kinabeba ile ya bandia. Chembe zilizosalia pembeni zinatambaa hadi ukuta wa nyuma wa kifuko na kuota vijipovu kama mayai ya chura.

Kipofu wa Zamani: Mayai ya chura, umenikata njaa 😂

Dk_Kijiweni: Na leza kazi yake ni kutoboa huo utando mwanga upite. Matone ya tropikamaidi, dakika 20 hadi 30 mboni itanuke. Ganzi, kisha lenzi ya Abraham (ile ya kushikiza juu ya jicho kuelekeza leza) na jeli. Anza na nguvu ya leza ya milijuli 1, panda taratibu. Lenga nyuma kidogo ya utando, ukilenga palepale unaacha vishimo kwenye lenzi ya bandia. Piga msalaba kuanzia saa 12, tundu la milimita 3 mpaka 4 linatosha.

NesiMacho: Saa 12 ya wapi? Saa 12 yetu mshale uko chini!

Dk_Kijiweni: Namba 12 kwenye uso wa saa, juu. Mnapenda ubishi.

Mtaalamu_Mboni: Umeruka kitu. Kabla ya kutanua, angalia katikati ya mboni ni wapi. Ikishatanuka, katikati inahama, unatoboa pembeni na mgonjwa anabaki na ukungu wake.

Dk_Kijiweni: Uzoefu unatosha, mimi sihangaiki na hilo.

Mtaalamu_Mboni: Ndiyo maana wengine wanarudia kazi yenu.

Bi Tone: Na presha ya jicho nani anapima? Matone ya kushusha presha, brimonidini, kabla na baada, pima tena baada ya saa moja. Vipande vya utando vinaweza kuziba njia ya maji ya ndani ya jicho.

Mlinzi wa Retina: Acheni presha, kuna mama mwenye macho ya kuona karibu tu, namba kubwa. Wiki ya tatu baada ya leza akaanza kuona nzi weusi kibao na miale kama radi pembeni. Nyumbani wakamwambia ni vumbi la leza, vumilia. Kaja pazia limeshafunika nusu ya jicho, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, imebanduka. Vijinzi viwili vitatu siku za mwanzo ni kawaida. Mvua ya nzi, miale au pazia, aje siku hiyohiyo.

Bi Tone: Mungu wangu. Akapona?

Mlinzi wa Retina: Alipelekwa kwa mpasuaji wa retina. Sehemu ya katikati ya retina ilikuwa imeshaguswa.

NesiMacho: Na anayelalamikia lenzi tangu siku ya kwanza, msikimbilie leza. Kifuko kikishatobolewa, kubadilisha lenzi ni kazi ngumu.

FundiMiwani: Kwa hiyo mzee wangu nisimuuzie fremu?

Dk_Kijiweni: Muuzie, ila baada ya leza na kupimwa upya. Sio sasa, tapeli wewe 😂