Ukoo wa Bibi Esha (Langoni)

Jumatatu

Rukia 20:11
Assalamu alaikum nyote. Nimetoka kwa daktari na Mwanaidi jioni hii. Someni mpaka mwisho, msinitumie vidole gumba tu.

Rukia 20:14
Ni kipandauso, na kimeshakuwa sugu. Kichwa kinamshika zaidi ya siku 15 kwa mwezi, na huu mwezi wa nne. Lakini maswali mengi ya daktari yalikuwa ya usingizi. Analala saa ngapi, anaamka mara ngapi, nani anamsikia usiku.

Rukia 20:16
Kasema hivi viwili vinavutana. Asipolala, kichwa kinakuja. Kichwa kikija, halali. Na akifidia Jumapili kwa kulala mpaka adhuhuri, kinakuja vilevile. Saa za kulala na kuamka ziwe zilezile kila siku, hata sikukuu.

Ami Shee 20:31
Waalaikum salaam. Apigwe hijama.

Fatma 20:33
Aache na ile kahawa ya tangawizi baada ya alasiri 😂 buli zima humaliza peke yake

Rukia 20:34
Kahawa daktari kaitaja kweli. Saa 5 baada ya kuinywa, karibu nusu ya makali yake bado yamo mwilini.

Rukia 20:37
Na vidonge. Kwenye daftari lake mwezi huu kameza siku 18. Dawa za kawaida za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, zenyewe huanza kuleta kichwa. Na mimi ndiye nilikuwa nikimnunulia 😔 Daktari kampangia namna ya kupunguza.

Athman 21:02
Mimi ndiye ninayemsikia usiku. Anakoroma, halafu kimya. Nahesabu sekunde 10, 12, 15, kisha anashtuka akitweta kama mpiga mbizi aliyeibuka. Asubuhi, kichwa.

Jamali 21:03
Injini hiyo mpelekeeni Bwanaheri 😂😂

Fatma 21:03
😂😂😂

Bwanaheri 21:05
Mimi fundi wa boti tu

Rukia 21:06
Jamali tafadhali. Pumzi inakatika. Ndiyo maana anatakiwa apimwe usiku kucha akiwa amelala, Mombasa. Nataka mawili. Mtu wa kumsindikiza Alhamisi, boti ya kwanza ya Mokowe. Na chumba cha juu. Pale chini dirisha liko uchochoroni, punda wanaanza saa 9 usiku, na taa ya duka inammulika kitandani.

Rukia 21:38
Naona mmesoma wote.

Bwanaheri 21:40
Chumba cha juu nilipewa na baba.

Rukia 21:41
Na kinalalwa na nyavu.

Bwanaheri 21:41
Usianze yale ya kitanda cha mama.

Rukia 21:42
Kitanda umekitaja wewe.

Fatma 21:44
Jamani

Ami Shee 21:50
*Ujumbe huu umefutwa*

Bibi Esha 22:15
🎤 Sauti 1:48

Jamali 22:21
Kwa wasioweza kufungua sauti, Bibi anasema: "Mama yenu akifunga kitwa kwa leso, akilala kizani siku tatu, akitapika. Nikamwambia ni uvivu. Nilimwambia mimi, kwa kinywa changu. Hakunijibu. Mwanaidi nisimsikie mtu akamwambia neno. Na chumba kile, Bwanaheri, alikijenga mama yako kwa dhahabu zake."

Bwanaheri 22:58
Nimesikia Bibi. Nyavu nazitoa kesho. Injini ibaki mpaka nipate pa kuiweka.

Rukia 22:59
Lini?

Rukia 23:06
Na Alhamisi nani? Mimi nina watoto wa mtihani, siwezi kutoka shule. Athman yuko baharini mpaka Ijumaa.

Fatma 23:20
Nikiruhusiwa kazini nitasema

Ami Shee 23:31
Rukia mwanangu nimekutumia 2,000 ya nauli.

Jumanne

Mwanaidi 04:47
Nimesoma yote. Kimenishika saa hii, nyuma ya jicho la kulia. Nimeshaandika daftarini. Bibi, shukran sana.

Rukia 04:49
Zima simu dada, mwangaza utakuzidishia.

Rukia 04:49
Ulilala saa ngapi?

Jamali 07:20
Kwani boti ya kwanza siku hizi inaondoka saa ngapi?