Bass, Rhodes na Cabrera hawakushindwa kuvunja rekodi ya homurani Japani, walinyimwa mipira ya kupiga

Ndugu wapenzi wa besiboli,

Nimechoka kuona orodha ya vinara wa homurani (mapigo yanayoupeleka mpira nje ya uwanja) wa msimu mmoja nchini Japani ikibandikwa kila mara, ikiwa na Sadaharu Oh na 55 zake za mwaka 1964, Tuffy Rhodes na 55 za 2001, Alex Cabrera na 55 za 2002 na Randy Bass na 54 za 1985, halafu watu wanahitimisha kwamba wageni hao watatu walifika ukingoni wakaishiwa pumzi. Huo ni uongo, na unawadhulumu watu.

Mechi ya mwisho ya msimu wa 1985, Hanshin Tigers ya Bass ilikutana na Yomiuri Giants, timu ambayo kocha wake mkuu alikuwa Oh mwenyewe. Bass alisimama kupiga mara tano. Mara nne alirushiwa mipira minne mfululizo iliyopita mbali naye kwa makusudi, akaambulia kutembea tu hadi kituo cha kwanza. Mara ya tano alijinyoosha, akaufuata mpira huko huko nje kwa ncha ya rungu kama mtu anayeangua embe kwa upembo, akapata kituo kimoja. Keith Comstock, Mmarekani aliyekuwa mrushaji wa Giants, alieleza baadaye kwamba kocha mmoja aliwatishia warushaji faini ya dola 1,000 kwa kila mpira wa kupigika ambao wangemrushia Bass.

Ya mwaka 2001 ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa haikufichwa hata kidogo. Rhodes wa Kintetsu Buffaloes alikwenda Fukuoka akiwa tayari na 55, akakutana na Daiei Hawks, timu nyingine iliyofundishwa na Oh. Mdakaji wa Hawks alionekana akitabasamu huku akisogea pembeni kuidaka mipira ya nje. Kocha Yoshiharu Wakana alikiri kwamba agizo lilikuwa lake, akasema waziwazi kwamba hakupenda rekodi ya Oh ivunjwe na mgeni. Kamishna wa ligi alilaani kitendo hicho, lakini Rhodes hakurudishiwa hata nafasi moja.

Simshitaki Oh. Homurani 55 katika msimu wa mechi 140 alizitolea jasho, alikana kuagiza hila yoyote, na mwaka 2002 aliwaambia warushaji wake wa Hawks wamrushie Cabrera mipira ya haki, ingawa wengi wao walimpuuza. Lakini hao waliodai kulinda heshima ya wenyeji walisahau kwamba baba yake Oh alitoka China, na kwamba Oh mwenyewe, ingawa alizaliwa Tokyo, hana uraia wa Japani. Basi walikuwa wakimlinda mwenyeji gani?

Mwaka 2013 Wladimir Balentien, mzaliwa wa Curaçao, alirushiwa mipira ya kupigika na Hanshin katika uwanja wa Jingu, akapiga ya 56 na ya 57 siku hiyo hiyo, akamaliza msimu na 60. Ligi haikuanguka, wala jina la Oh halikufutika.

Anayebandika orodha hiyo tena aandike mbele ya majina ya Bass, Rhodes na Cabrera jinsi mechi zao za mwisho zilivyochezwa.