Nataka gari inayonusa mafuta tu, mwendo wangu mdogo. Vitz, IST au Aqua?

Mpemba_wa_Mjini:
Assalamu alaykum wanabarza. Wiki ya pili hii usingizi siupati kwa jambo la gari. Mwendo wangu mdogo, nimepiga hesabu hauzidi kilomita 3,000 kwa mwaka. Nimetajiwa Vitz ya cc 1000, IST, na Aqua ya haibridi, ile ya petroli na umeme. Moyo umelalia Aqua. Nielekezeni, mie gari siijui zaidi ya kuipanda.

FundiDarajabovu:
Waalaykumu salaam. Kwa mwendo huo mafuta yasikukoseshe usingizi. Gari inayokwenda kilomita 12 kwa lita itakula lita 250 kwa mwaka. Inayokwenda 20 itakula lita 150. Tofauti ni lita 100. Tufanye lita ni shilingi 3,000, hiyo laki tatu. Aqua na Vitz kuukuu zinapishana kwa mamilioni, utairejesha lini? Tazama uzima wa gari kwanza. Italala wapi?

BintiMkunazini:
IST jamani! Yangu mwaka wa sita, watoto skuli, watoto chuoni, Ramadhani nyuma najaza masufuria ya futari na mlango unafunga.

Yakhe_Kojani:
Kilomita 3,000? Nunua punda. Hana bima, hana plagi.

FundiDarajabovu:
Bado hajajibu. Italala wapi?

Mpemba_wa_Mjini:
Wete. Mie kazi yangu Unguja, nyumbani nakwenda mara moja kwa mwezi, siku tatu. Itakaa kwa watu wangu, karibu na pwani, chini ya mwembe. Lakini hilo si kubwa, nitaifunika turubali.

FundiDarajabovu:
Hilo ndilo kubwa, yakhe! Ungelisema mwanzo. Turubali linafungia unyevu na chumvi ndani, gari inaoza huku umeifunika. Kabla ya kutoa pesa lala chini, tazama kingo za milango na nyuma ya matairi. Ukiona rangi imevimba kama chapati, bonyeza kwa kidole. Ikipasuka ukatoka unga mwekundu, ondoka.
Betri ndogo itakufa kwa kukaa tu, mtu aiwashe na kuitembeza kila wiki. Usiiache na hendibreki imevutwa, itagandana. Weka gia ya P, tia jiwe kwenye tairi. Oili badilisha kila mwaka hata kama hukufika mbali. Tairi soma tarakimu nne ubavuni: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015, hiyo mzee hata kama kashata zake zimesimama. Na Aqua ina betri kubwa chini ya siti ya nyuma, inavuta hewa kwa tundu iliyopo hapo hapo. Ikiziba vumbi na nywele, betri inapata joto. Nayo haipendi kulala wiki tatu.

MzeeWaForodhani:
Umenikumbusha Corolla ya marehemu baba. Ilikaa tukafungua mlango, kuku katamia siti ya dereva, mayai tisa. Baba akakataa katakata asitolewe. Siku 21 tukapanda daladala.

Mpemba_wa_Mjini:
Nashukuru fundi, lakini Aqua niliyoiona ni safi, ndani inanukia udi. Halafu nimeshatoa arbuni milioni mbili.

BintiMkunazini:
Sasa ushauri wa nini?

Hesabu_Haidanganyi:
Ngojeni kwanza. Siku 3 kwa mwezi ni siku 36 kwa mwaka. 3,000 gawa kwa 36, zaidi ya kilomita 83 kila siku. Pemba kutoka Kigomasha mpaka ncha ya kusini haifiki 70! Huyu anazunguka kisiwa anahesabu mikarafuu? Hadithi ya kutunga hii. Ni dalali, kaja kuitembeza Aqua yake.

Yakhe_Kojani:
Nilijua. Udi kwenye gari, ule wa kufukuza harufu ya dagaa.

Mpemba_wa_Mjini:
Wallahi mie si dalali! Boti inatushusha Mkoani, na Mkoani mpaka Wete ni kama kilomita 60. Shemegi anatoka Wete kuja kunipokea, tunarudi. Siku ya kuondoka ananifikisha bandarini, anarudi na gari. Hiyo 240 kwa mwezi, 2,880 kwa mwaka. Piga.

Hesabu_Haidanganyi:
Nimepiga. Imekaa. Samahani, ndugu yangu.

BintiMkunazini:
Mie sijamaliza. Shemegi huyu ndiye "watu wangu" wa chini ya mwembe?

Mpemba_wa_Mjini:
Kaka yake mke wangu, ndiyo.

BintiMkunazini:
Na Aqua inauzwa na nani?

Mpemba_wa_Mjini:
Yeye. Lakini kanipunguzia.

Yakhe_Kojani:
Subhanallah. Unanunua gari ya shemegi, inalala kwa shemegi, funguo anazo shemegi, anakuja kukupokea Mkoani. Sasa hivi anakupokea na gari gani?

Mpemba_wa_Mjini:
Hiyo hiyo. Sasa hivi namtilia mafuta tu.

MzeeWaForodhani:
Yule kuku alikuwa na akili.

FundiDarajabovu:
Tuache mzaha. Safari hii ukifika, piga picha tundu ya hewa na chini ya milango, uziweke hapa. Hiyo arbuni mliandikiana?

Mpemba_wa_Mjini:
Hatukuandikiana, ila shahidi yupo. Mke wangu alikuwa amekaa hapo hapo.

Yakhe_Kojani:
Yaani dada yake.