Rangi imeanza kutoa malengelenge wiki ya tano baada ya gari kutengenezwa: nirudi gereji ileile?

Mkazi wa Nyegezi (mleta mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota IST ya rangi ya fedha, ambalo liligongwa ubavuni na daladala pale Buzuruga. Vilivyoumia ni bampa ya mbele, fenda ya kushoto na mlango wa mbele wa upande huohuo. Kwa kuwa nina bima kubwa, nilichukua taarifa ya polisi, nikajaza fomu zote, na kampuni ya bima ikanielekeza kwenye gereji iliyo katika orodha yao, ambako gari lilikaa siku 19.

Nililichukua saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likiwa linaingia, na nikasaini karatasi ya kukiri kwamba nimeridhika na kazi. Huo ulikuwa uzembe wangu, sina wa kumlaumu. Kesho yake, nilipoliegesha juani, niliona fenda na mlango wa mbele vimeiva kuelekea kijivu, ilhali mlango wa nyuma umebaki na weupe wake wa zamani. Ukisimama mbele ya gari huoni tofauti yoyote, lakini ukisogea ubavuni utadhani ni magari mawili yaliyoungwa katikati. Uso wa fenda una vinundu kama ganda la chungwa, na karibu na taa wamenasa wadudu wa ziwani watatu ndani ya ile rangi ya juu inayong'aa, mmoja wao akiwa na mabawa yake yote mawili.

Hayo ningeweza kuyavumilia. Sasa ni wiki ya tano, na ukingo wa chini wa mlango umetoa malengelenge madogo kama punje za mtama. Nilibonyeza moja kwa ukucha, likapasuka na kuacha unyevu kwenye kidole. Fundi ananiambia litakaa sawa likipata jua, na kama sitaki kusubiri yuko tayari kupuliza koti moja juu yake bila malipo. Je, nimkubalie, au nitafute fundi mwingine kwa fedha yangu na kusahau yaliyopita?

Fundi Rangi, Igoma

Ndugu mleta mada, pole sana. Usikubali koti la juu hata likiwa la bure. Lengelenge lenye maji maana yake unyevu umefungiwa chini ya rangi, na ukipuliza rangi nyingine juu yake unaufungia mara ya pili, kisha utarudi kwetu na jambo hilihili kabla ya mwaka kuisha. Kwa kawaida maji hayo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kompresa isiyo na kichujio cha maji, ambayo hutema matone pamoja na upepo; asubuhi za huku kwetu karibu na ziwa hewa ni nzito, na tangi la kompresa lisipofunguliwa chini kila siku hujaa maji. Ya pili ni puti, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, kusuguliwa kwa msasa wa maji. Puti hunywa maji kama sponji, na ikifunikwa kwa praima, yaani rangi ya msingi, kabla haijakauka, jua la mchana litayasukuma nje.

Tofauti ya rangi ni kosa jingine kabisa, usiyachanganye. Rangi ya fedha ina chembe za alumini, na chembe hizo hulala kulingana na mkono wa mpuliziaji: akipuliza koti zito lenye unyevu, chembe huzama na rangi huiva, akipuliza kavu, rangi huwa nyeupe zaidi. Ndiyo maana namba ya rangi iliyo kwenye kibati chini ya boneti, kwa mfano 1F7, haitoshi peke yake. Fundi mwangalifu hupuliza kwanza kwenye kadi, akaipeleka nje juani na kuilinganisha na gari lenyewe, kisha hufifisha rangi mpya kuingia kwenye mlango wa jirani ili jicho lisipate mahali pa kukatia. Kwako ilipaswa ifikie mlango wa nyuma, halafu mlango huo wote upigwe kilia, ile rangi ya juu inayong'aa.

Kabla hujajibizana na mtu, fanya majaribio mawili. Chukua kitambaa cheupe chenye tina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, usugue mahali palipojificha, kwa mfano ndani ya ukingo wa mlango. Rangi iliyochanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha, ikakauka vizuri haitatoka. Ikitoka, ujue walibania hadina. Pili, chukua sumaku dhaifu, ile ya kubandika kwenye friji, uifunge kwa kitambaa laini na kuipitisha kwenye fenda na mlango. Mahali itakapoacha kushika pana puti nene. Kwenye bampa usijaribu, ile ni plastiki.

Mzee wa Kirumba

Naona mnamtisha bure. Ganda la chungwa na wadudu ni kazi ya msasa namba 1500, kisha 2000 na maji mengi, halafu polishi. Mimi langu lilisuguliwa asubuhi na kufikia adhuhuri lilikuwa linang'aa.

Fundi Rangi, Igoma

Mzee wangu, kwa vinundu nakubaliana nawe, na kwa wadudu pia, mradi wamenasa kwenye kilia tu na kilia yenyewe ina unene wa kutosha. Lakini polishi haiondoi maji yaliyo chini ya praima.

Dada wa Bima

Kaka, naomba niongeze upande ambao haujaguswa. Gereji hukuichagua wewe. Ulielekezwa na kampuni ya bima, kwa hiyo usihangaike na fundi peke yako. Andika barua kwa kampuni, ueleze kasoro moja baada ya nyingine, uambatanishe picha zenye tarehe, na uombe wamtume mkaguzi wao alione gari. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi uliyosaini itatajwa, jiandae kwa hilo, lakini kwa maoni yangu mtu hawezi kuridhika na lengelenge ambalo siku ile halikuwepo. Wasipokujibu, ofisi ya TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, na juu ya hapo yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Kubwa zaidi, usipeleke gari kwa fundi mwingine kabla mkaguzi hajaliona, kwa sababu rangi ikishakwanguliwa ushahidi wako umekwenda nayo.

Mkazi wa Nyegezi (mleta mada)

Nawashukuru sana. Nimefanya majaribio yote mawili leo asubuhi. Kitambaa cha tina kilitoka safi, hivyo hadina iliwekwa, na katika hilo nilikuwa nimemdhania fundi vibaya. Sumaku ilishika vizuri kwenye fenda yote, lakini kwenye mlango, kuanzia chini ya kitasa hadi ukingoni, ilianguka yenyewe mkononi mwangu mara tatu. Malengelenge yote yako ndani ya eneo hilo.

Fundi Rangi, Igoma

Basi jibu umelipata. Mlango haukunyooshwa ipasavyo, ulijazwa. Puti haitakiwi kuzidi milimita tatu hivi. Katika barua usiandike kwamba unaomba rangi ipulizwe upya. Andika kwamba mlango ukwanguliwe hadi kwenye bati, unyooshwe au ubadilishwe, kisha upigwe praima na rangi, na rangi ififishwe hadi mlango wa nyuma. Fenda isuguliwe na kupigwa polishi tu, usiwape nafasi ya kuharibu kisichoharibika. Omba pia uitwe uone bati likiwa wazi kabla ya puti kuwekwa. Hiyo ni haki ya mwenye gari, na fundi anayeijua kazi yake hakatai.

Mkazi wa Nyegezi (mleta mada)

Barua nimeipeleka jana na nakala yangu ina muhuri. Mkaguzi atakuja Jumanne, na nimemwomba aje saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Sumaku nimeiacha kwenye droo ya gari.