Hizi pembe za kulungu Marekani zinapimwaje?

mtu_wa_section58: Wasee, binamu yangu yuko Texas amenitumia picha ya kulungu amepiga, anasema ni 172. Sasa 172 ya nini, kilo? Huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977 so sina wa kuuliza hapa Nakuru.

baba_otis: Si kilo buda, ni inchi zimejumlishwa. Unapima urefu wa kila pembe kuu kutoka shina mpaka ncha, kila tawi lenye imefika inchi moja, unene mahali pane kila upande, na ile nafasi ya ndani kati ya pembe mbili. Uchungu uko hapa: tawi la kushoto likiwa 9 na mwenzake wa kulia 7, hizo 2 zinakatwa. Mimi naona ni uonevu, lakini ndio sheria.

nyar_kisumu: Na lazima zikauke siku 60 kwanza ndio Boone and Crockett, ile klabu ya Marekani inaweka rekodi za wanyama waliowindwa, wahesabu. Zinanywea kidogo, na kitabu chao kikuu kinataka 170, so hiyo 172 inaweza teleza.

mtu_wa_section58: Eish, na kwa picha bado ziko na damu! Wacha nimwambie apunguze mdomo.