Sensa za bei nafuu na mirija ya NO2: je, vipimo vinatosha kwa halmashauri kuchukua hatua?

Dawati_la_Mazingira
Habari wakuu. Halmashauri ina sensa 12 za bei nafuu zinazopima PM2.5 (chembe za hewani zisizozidi kipenyo cha maikromita 2.5) kwa mwanga wa leza, na mirija 30 ya kunasa nitrojeni dioksidi (NO2) inayobadilishwa kila baada ya wiki nne. Kuna mambo mawili yanayokwamisha. Sensa karibu zote hupanda alfajiri na kupita maikrogramu 150 kwa mita ya ujazo, kisha zinashuka jua likipanda, wakati magari ndiyo kwanza yanaongezeka. Halafu mirija mitatu ya barabara moja imeleta maikrogramu 52, 49 na 14 za NO2 kwa mita ya ujazo. Madiwani wanataka kuzuia malori kwenye barabara hiyo. Je, kwa takwimu hizi inawezekana? Tuanzie wapi?

Chembe_Ndogo
Mkuu, anza na unyevu. Sensa hiyo haipimi uzito wa chembe. Inapima jinsi zinavyotawanya mwanga. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75 hadi 80, chembe zinafyonza maji na kuvimba, na matone ya ukungu nayo yanahesabiwa kama uchafu. Chora PM2.5 na unyevu kwenye grafu moja, kisha tenga siku ambazo alfajiri yake ilikuwa kavu. Kama kilele kimetoweka siku hizo, tatizo ni maji. Kama kimebaki, usikifute: usiku hewa ya chini hutulia na moshi wa majiko na wa taka hubanwa karibu na ardhi, kwa hiyo huenda wananchi wanauvuta kweli.

Dawa ya kudumu ni kuzifunga sensa zote 12 kando ya mtambo rejea (kifaa rasmi cha usahihi wa juu cha kulinganishia), hata ukiazimwa kwa muda, kwa wiki kadhaa za msimu wa mvua na wiki kadhaa za kiangazi. Hapo utapata kanuni ya kusahihisha ambayo ndani yake kuna unyevu. Kanuni ya kiangazi pekee itakudanganya masika. Na mtambo rejea nao ukaguliwe. Ule wa miale ya beta unavuta lita 16.7 kwa dakika, na kichujio chake cha mlangoni hutenganisha chembe kwa kasi hiyo. Mvuto ukipungua kwa sababu ya uvujaji, chembe kubwa zaidi zinapita, nawe unaziandika kama PM2.5.

Zingatia pia kwamba sensa hizi hazilioni vizuri vumbi la barabara ya udongo, maana chembe zake ni kubwa. Namba ya PM10 (chembe hadi maikromita 10) inayotoka humo usiipeleke kikaoni.

Mrija_Wima
Nizungumzie hiyo 14. Kabla ya kuifuta, uliza mambo haya: kofia ya chini iliondolewa siku ya kufunga? Mdomo ulielekea chini? Kuna utando wa buibui ndani? Mrija umejificha nyuma ya majani au kwenye kona ya ukuta isiyo na hewa? Mara nyingi jibu liko humo. Mrija unatakiwa kuwa mita 2 hadi 4 kutoka ardhini, umetengwa na nguzo kwa kipande cha plastiki. Kabla na baada ya kutumika hukaa kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu kemikali iliyomo, trietanolamini, inaendelea kunasa gesi popote ilipo. Safiri na mrija mmoja usiofunguliwa kabisa; ukirudi na NO2 nyingi, ujue uchafu uliingia njiani au maabara.

Hata 52 bado ni namba ghafi. Mirija huwa na mwelekeo wa kuzidisha au kupunguza kutegemea maabara na upepo. Weka mitatu kwa pamoja kando ya mtambo rejea kila mwezi. Wastani wake ukiwa 40 na mtambo ukisema 32, kizidisho ni 0.8, na ile 52 inakuwa takriban 42. Ukiwa na miezi mitano tu ya vipimo, usiuite wastani wa mwaka: linganisha na kituo kisicho karibu na barabara chenye data ya mwaka mzima, na utumie uwiano wake. Ndipo uilinganishe na kiwango cha sheria yenu, au mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, ambao ni wastani wa maikrogramu 10 kwa mwaka.

Halafu fungeni mirija kwenye kuta za nyumba zenyewe. NO2 hushuka haraka ukiondoka ukingoni mwa lami. Nguzo ya kando ya barabara haisemi kilichopo dirishani mwa chumba cha kulala.

Njia_ya_Malori
Kuhusu kuzuia malori: hesabuni magari kwa aina, saa kwa saa, siku 7 mfululizo, na wekeni mirija sasa hivi kwenye barabara ambazo malori yatahamia. Kosa kubwa kuliko yote ni kusafisha mtaa mmoja na kuchafua wa pili usiopimwa. Msitarajie pia NO2 ishuke kwa uwiano ule ule wa moshi wa injini. Sehemu yake hutengenezwa hewani, oksidi ya nitrojeni inapokutana na ozoni. PM2.5 itashuka hata pungufu ya NO2, kwani sehemu yake huja na upepo kutoka nje ya mji. Hiyo ya alfajiri ikithibitika kuwa moshi wa taka, gari la taka linalopita kwa ratiba litasaidia kuliko marufuku yoyote ya malori.

Dawati_la_Mazingira
Nashukuru sana. Swali la mwisho: madiwani wanataka namba za sensa zionekane mtandaoni papo hapo. Ni sawa?

Chembe_Ndogo
Sawa, zikiandikwa wazi kuwa ni za muda. Onyesheni wastani wa saa 24, na siku ihesabiwe tu ikiwa na angalau saa 18 za data. Umeme ukikatika jioni kila mara, wastani utapoteza saa chafu kuliko zote, na mtaa utaonekana safi kuliko ulivyo. Kila sensa iwe na betri yake.