Kinyume cha “borrow” ni “lend” au “return”? Naomba ufafanuzi wa aina za vinyume katika Kiingereza

Mama wa Kihesa, Iringa

Habari za jioni, wanajukwaa. Binti yangu yuko kidato cha pili, na juzi alirudi na zoezi la vinyume ambamo majibu yake mawili yamewekewa alama ya kosa. Aliulizwa kinyume cha “borrow” akaandika “return”, lakini jibu lililotakiwa lilikuwa “lend”. Kisha akaulizwa kinyume cha “old” katika sentensi iliyohusu nyumba, akaandika “young” kama alivyokariri tangu shule ya msingi, nalo likakatwa. Ananiuliza swali ambalo naliona ni la haki: mtu akiazima jembe kwa jirani, kinyume cha kuazima si kurudisha? Majibu sahihi tunayo tayari. Tunachokosa ni sababu, maana bila sababu atakariri tena na kukosea tena.

Mwalimu wa Uyole

Shikamoo, mama. Binti yako ametaja kinyume cha kweli, ila si cha aina iliyoulizwa. “Borrow” na “lend” ni tendo moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Jembe linatoka kwa jirani kuja kwako: ukianza sentensi na wewe unayepokea, unatumia “borrow”, ukianza na jirani anayetoa, unatumia “lend”. Ni kama pale sokoni Mwanjelwa, ambapo gunia la viazi haliwezi kuuzwa pasipo mtu kulinunua, na ndiyo maana “buy” na “sell” ni jozi ya aina hiyohiyo, sawa na “teacher” na “pupil” au “husband” na “wife”. “Return” ni tendo jingine linalokuja baadaye na kulitangua lile la kwanza. Huko kutangua nako ni aina ya kinyume, na Kiswahili kinaijua vizuri kuliko tunavyodhani: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, anika na anua. Kiingereza mara nyingi hufanya hivyo kwa kuweka “un-” mbele ya kitenzi, kwa hiyo “tie” huwa “untie” na “lock” huwa “unlock”.

Naomba nikae kidogo kwenye “borrow”, kwa sababu kosa hili nalisahihisha kila muhula na ninaamini chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Katika matumizi ya kila siku, kitenzi “azima” hubeba pande zote mbili: nasema “nimeazima kalamu” nikiwa mpokeaji, kisha namwambia mwenzangu “niazime kalamu” nikimtaka yeye atoe. Mtoto akihamisha mazoea hayo anasema “borrow me your pen”, wakati Kiingereza sanifu kinadai “lend me your pen”. Mwelekeze atumie “kopa” na “kopesha”, ambapo Kiswahili chenyewe kimetenganisha anayepokea na anayetoa, naye ataiona tofauti bila kukariri.

Kuhusu “old”, kinyume hufuata maana wala si umbo la neno. Kwa mtu au mnyama ni “young”, kwa nyumba au nguo ni “new”. Hata sisi tunasema mtoto mchanga na nyumba mpya, hatusemi nyumba changa. Mfano mzuri zaidi ni “an old friend”, yaani rafiki wa siku nyingi: kinyume chake ni “a new friend”, hata kama huyo rafiki mpya ana miaka themanini.

Msafiri wa Tukuyu

Naongezea aina ambayo mwalimu hajaigusa. Ukipanda gari Kyela kwenda Mbeya mjini, unaanza na “hot”, ukifika Tukuyu ni “cool”, na ukipita Isongole asubuhi ya mwezi wa saba ni “cold” kabisa. Kati ya “hot” na “cold” kuna ngazi, kwa hiyo kusema “not hot” hakumaanishi “cold”, na unaweza kusema “very cold” au “colder”. Jozi kama “dead” na “alive” hazina ngazi hizo: ukikanusha moja umekwisha kuthibitisha nyingine. Binti ajipime kwa kuuliza kama kuna hali ya katikati. Vilevile, katika jozi zenye ngazi, kwa kawaida neno moja ndilo hutumika kuulizia kipimo, ndiyo maana huulizwa “How old is the baby?” hata kwa mtoto wa siku mbili, kama sisi tunavyouliza urefu wa mtu aliye mfupi.

Mama wa Kihesa, Iringa

Marahaba, mwalimu, na asante, msafiri. Binti amesoma yote nami, na mfano wa “kopesha” umemkaa. Anauliza kama “in-” nayo hufanya kazi ileile ya “un-”.

Mwalimu wa Uyole

Haitangui tendo kama “un-” ya “untie”, lakini mara nyingi hukanusha sifa: “correct” na “incorrect”, “visible” na “invisible”. Ila asiiamini kila mahali. “Invaluable” maana yake ni chenye thamani isiyopimika, si kisicho na thamani. Na hili alishike kwa usalama wake, maana barabara yetu ya kwenda Tunduma ina malori mengi ya mafuta: “inflammable” maana yake ni kinachoshika moto kwa urahisi, sawa kabisa na “flammable”. “In-” hiyo haikanushi. Neno limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwasha. Kisichoshika moto ni “non-flammable”.